Leseni ya hifadhidata yako: amua kabla msimbo haujatoka nje

Timu inayojenga hifadhidata mara nyingi huchagua leseni dakika tano kabla ya kufungua repo (hazina ya msimbo) kwa umma. Mtu anabofya kwenye menyu ya GitHub, anaweka MIT au Apache 2.0 kwa sababu ndiyo aliyoizoea, na kazi inaendelea. Miaka michache baadaye wateja wapo, wawekezaji wanauliza mapato yako wapi, na mtoa huduma mkubwa wa wingu anauza kitu kilekile bila kuvunja kifungu hata kimoja. Hapo kampuni inabadilisha leseni, na waliokuwa wachangiaji wake wanaondoka na nakala ya msimbo. MongoDB ilibadilisha Oktoba 2018, CockroachDB Juni 2019, Elasticsearch Januari 2021, Redis Machi 2024.

Hatua zilizo hapa chini zina mpangilio wa makusudi: pesa kwanza, kisha umiliki, kisha leseni. Ukianza na leseni unatoa ahadi kwa watu usiowajua kabla hujajua kama unaweza kuitimiza.

Jambo moja la istilahi. Humu, "chanzo huria" ni leseni iliyoidhinishwa na OSI (Open Source Initiative), shirika lililoanzishwa mwaka 1998: MIT, BSD, Apache 2.0, GPL, AGPL na nyinginezo. SSPL na BSL (tutazieleza katika hatua ya 3) na Elastic License zinamruhusu mtu kusoma msimbo, lakini zinamwekea mipaka ya matumizi, kwa hiyo si huria. Ukiziita huria kwenye tangazo la uzinduzi, siku nzima utaitumia kujibu watu waliokasirika badala ya kupokea watumiaji.

Hatua ya 1: Andika pesa itatoka wapi

Chukua karatasi moja. Andika nani atalipa, atalipia nini, na kwa nini hawezi kukipata bure kwako au kwa jirani yako. Njia zilizothibitika ni chache.

Kuuza msaada na mafunzo ndiyo njia ya Percona kwa MySQL na EDB kwa PostgreSQL. Inalisha timu mapema, lakini mapato hukua kwa kasi ya kuajiri wahandisi, na hifadhidata ikizidi kuwa imara mteja anazidi kujiuliza analipia nini. Itumie kupata wateja wa kwanza watano, usiijengee kampuni nzima.

Leseni mbili juu ya msimbo mmoja ndiyo iliyoikuza MySQL AB: anayekubali GPL (inayodai programu inayosambazwa na msimbo huo ndani yake nayo itolewe kwa GPL) anatumia bure, anayetaka kuifunga ndani ya bidhaa yake isiyo huria ananunua leseni ya kibiashara. Sun iliinunua kampuni hiyo mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1. Njia hii inahitaji mambo mawili kwa pamoja: hifadhidata yako iwe kitu cha kupachikwa ndani ya bidhaa za wengine, na hakimiliki ya kila mstari iwe yako. Ukikosa la pili, huna cha kuuza.

Kiini huria chenye sehemu za kulipia tutakirudia katika hatua ya 6.

Huduma ya wingu ndiyo inayoingiza pesa nyingi siku hizi. MongoDB ilizindua Atlas mwaka 2016, na ClickHouse inaishi kwa njia hiyohiyo. Kabla ya kuichagua, fanya hesabu ya mteja mmoja mdogo. Tuseme analipa dola 200 kwa mwezi. Umempa nodi (seva) 3 katika kanda 3 (availability zones, vituo tofauti vya eneo moja), kila nodi inakugharimu dola 35: hiyo ni dola 105. Diski na nakala rudufu, dola 20. Kisha mtandao, ambao timu nyingi husahau: AWS, wingu la Amazon, hutoza dola 0.01 kwa kila GB inapotoka kanda moja na dola 0.01 nyingine inapoingia kanda ya pili. Mteja akiandika GB 500 kwa mwezi na kila andiko likaigwa kwenye nodi mbili, ni GB 1,000 kwa dola 0.02, yaani dola 20. Jumla 145. Zinabaki dola 55 za kumlipa mhandisi anayeamshwa saa nane usiku, kodi ya ofisi na kila kitu kingine.

Sasa mweke kando yako mwenye wingu lenyewe. Yeye halipi bei iliyo kwenye orodha yake. Akichukua msimbo wako wa Apache na kuuza kwa dola 150, bado anapata faida na wewe unapata hasara. Leseni haiwezi kurekebisha hesabu hiyo peke yake. Weka bei ya chini kabisa ya kuanzia, wachanganye wateja wadogo kwenye mashine moja, au hamishia data baridi, isiyoguswa mara kwa mara, kwenye hifadhi ya bei nafuu kama S3 ya AWS. Bila hayo, leseni kali kuliko zote itakulinda kwenye biashara inayopoteza pesa.

Kama wateja wako wa mwanzo ni benki, kampuni za simu au taasisi za serikali za Afrika Mashariki, zingatia kwamba vituo vya wingu vikubwa vilivyo karibu nao viko Cape Town na Johannesburg, na wengi watataka data ikae kwenye seva zao. Kwao tayarisha mauzo ya kufunga kwenye mashine zao tangu mwanzo: kifurushi kinachofungika bila intaneti, na bei kwa nodi kwa mwaka.

Hatua ya 2: Hakikisha msimbo ni wako

Kazi hii inachosha na ndiyo inayovunja dili la uwekezaji dakika za mwisho. Kila mwanzilishi asaini hati ya kuhamishia kampuni hakimiliki ya alichoandika, pamoja na alichoandika kabla ya kampuni kusajiliwa. Aliyeandika sehemu akiwa ameajiriwa kwingine asome mkataba wake wa kazi na, ikibidi, aombe barua ya mwajiri. Mwandishi wa mkataba wa muda, hata awe rafiki, asaini pia. Na kama mmefungua kampuni mama Delaware, Marekani, kwa ajili ya wawekezaji, hakimiliki haihami yenyewe kutoka kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi, inahitaji maandishi.

Kisha kagua maktaba zote unazozitegemea. Tumia ScanCode kwa repo nzima, `go-licenses` kwa Go, `cargo deny` kwa Rust. Mitego inayowanasa wajenzi wa hifadhidata inajulikana:

- GNU Readline. Unatengeneza programu ya amri ya kuandikia SQL, unataka mshale wa juu urudishe amri iliyopita, unaunganisha Readline, na programu hiyo sasa lazima isambazwe kwa masharti ya GPL 3. Tumia libedit au linenoise, zote za BSD.
- Berkeley DB, injini ya kuhifadhi data. Oracle iliihamishia AGPL mwaka 2013, kuanzia toleo la 6.
- RocksDB, injini nyingine ya aina hiyo, ni salama, maana unaruhusiwa kuchagua kati ya GPL 2 na Apache 2.0. Andika kwenye faili la NOTICE kwamba umechagua Apache.
- Vipande vilivyonakiliwa kutoka Stack Overflow viko chini ya CC BY-SA, inayodai kazi inayotokana navyo itolewe kwa masharti yaleyale. Viandike upya.

Msimbo wa GPL 2 pekee hauchanganyiki na Apache 2.0 katika programu moja. Ukiukuta, uondoe kabla ya siku ya kwanza. Baada ya watu 300 kuunakili hutaweza tena kusema haukuwahi kuwepo.

Hatua ya 3: Chagua leseni ya kiini

Sasa linganisha karatasi yako ya hatua ya 1 na leseni zenyewe.

Apache 2.0 inamruhusu kila mtu kila kitu, pamoja na kuuza msimbo wako mbele ya macho yako. Inakupa usambazaji wa haraka: mwanasheria wa kampuni kubwa anaisoma mara moja, na ina kifungu cha hataza (patent) ambacho MIT na BSD hazina. Yugabyte ilihamishia msimbo wote wa hifadhidata yake kwenye Apache 2.0 Julai 2019, wakati wenzake wakienda upande wa pili. Ukiichagua, kinachouzwa kiwe nje ya kiini: mfumo wa kuendesha huduma ya wingu, ambao huutoi kabisa.

AGPL 3 inaeleweka vibaya kuliko zote. Watu hudhani inamlazimisha mwenye wingu kufungua mifumo yake. Haimlazimishi. Kifungu cha 13 kinamgusa aliyebadilisha programu na kuwaruhusu wengine kuitumia kupitia mtandao. Huyo atoe mabadiliko yake. Anayeiendesha kama ilivyo hadaiwi kitu. Nguvu yake halisi iko kwingine: kampuni nyingi zimeipiga marufuku ndani kwa ndani, Google ikiwa imeandika hilo hadharani. Marufuku hiyo inamsukuma mteja mkubwa aje kununua leseni ya kibiashara, kwa hiyo AGPL inafaa sana kwa njia ya leseni mbili. Inafaa kidogo mno kama ngao dhidi ya wingu, na ndiyo maana MongoDB iliiacha.

SSPL (Server Side Public License), ya MongoDB, ni AGPL iliyoandikwa upya kwenye kifungu hicho cha 13. Anayeuza programu kama huduma anatakiwa kutoa, kwa SSPL, msimbo wa kila anachotumia kuendeshea huduma: usimamizi, ufuatiliaji, nakala rudufu, violesura, otomatiki yote. Kwa vitendo maana yake ni usiuze. MongoDB iliiwasilisha OSI na kuiondoa Machi 2019. Debian na Fedora, matoleo ya Linux, zikaiondoa MongoDB kwenye hazina zao za vifurushi.

Na hapa pana somo ambalo halimo kwenye leseni yoyote. Januari 2019 AWS ilizindua DocumentDB, huduma inayoongea itifaki ya MongoDB bila kutumia msimbo mpya wa MongoDB. Leseni inalinda msimbo. Haizuii mtu kujenga kitu kingine kinachojibu maswali yaleyale. Kama thamani yako yote iko kwenye lugha ya kuuliza data, panga kwamba itaigwa.

BSL (Business Source License) ilitungwa na MariaDB na ikaanza kazi mwaka 2016 kwenye MaxScale 2.0, programu yake inayokaa mbele ya seva za hifadhidata na kuzigawia maombi. Msimbo unaonekana, matumizi yasiyo ya uzalishaji (kujaribu na kujenga, si kuhudumia kazi halisi) ni bure, na baada ya muda kila toleo linageuka huria lenyewe. Ina sehemu chache za kujaza, na hapo ndipo makosa hutokea, kwa hiyo tuzijaze pamoja:

- Mtoa leseni: jina la kampuni lililosajiliwa, lisiwe la bidhaa.
- Kazi inayoruhusiwa: jina na namba ya toleo, mfano 1.4.0. Kila toleo lina saa yake. Ukiandika jina tu bila toleo, hakuna ajuaye saa ilianza lini.
- Ruhusa ya nyongeza: unachoruhusu kwenye uzalishaji. Ukiiacha tupu, hakuna anayeweza kuitumia kazini bila kukulipa. MaxScale iliruhusu chini ya seva 3. CockroachDB iliruhusu kila kitu isipokuwa kuuza hifadhidata yenyewe kama huduma.
- Tarehe ya mabadiliko: isizidi miaka 4 tangu toleo litoke. CockroachDB iliweka 3.
- Leseni ya baadaye: lazima ipatane na GPL 2 au matoleo yake ya baadaye. Apache 2.0 hutumika sana.

Ugomvi wote uko kwenye ruhusa ya nyongeza. "Usishindane nasi" haitoshi. Mwanasheria wa mteja atauliza kama programu yake ya mishahara inayohifadhi data za kampuni 40 ni ushindani. Andika hivi, kisha mpe mwanasheria aitafsiri kwa Kiingereza cha mikataba: unaruhusiwa kuitumia kwenye uzalishaji, isipokuwa kuwapa watu wa nje huduma ambayo ndani yake wao wenyewe wanaunda majedwali na kuandika hoja moja kwa moja kwenye hifadhidata hii. Programu ya mishahara sasa imepona, maana wateja wake hawaoni majedwali.

Asiyetaka kujaza chochote aangalie FSL (Functional Source License), iliyotolewa na Sentry Novemba 2023: masharti yamekwisha kuandikwa, na kila toleo linakuwa Apache 2.0 au MIT baada ya miaka 2.

Ushauri wa moja kwa moja: kama pesa yako ni huduma ya wingu na unajua kabisa kwamba hutavumilia mtu mwingine aiuze, anza na BSL siku ya kwanza na useme hivyo waziwazi. Utapata nyota chache za GitHub na hakuna atakayekuita msaliti. Kama unahitaji jamii kubwa ya wachangiaji ili bidhaa iishi, chagua Apache na ukae nayo. Kilicho kibaya kuliko vyote viwili ni kuanza na Apache huku moyoni ukipanga kubadilisha.

Hatua ya 4: Tenga draiva na kiini

Draiva (maktaba ambayo programu hutumia kuongea na hifadhidata), vielelezo vya itifaki na mifano ya msimbo viwe Apache 2.0 au MIT, kwenye repo zao, hata kama kiini ni AGPL au BSL. Draiva inaingia ndani ya programu ya mteja, na hakuna benki itakayokubali kifungu cha AGPL kiingie kwenye mfumo wake wa malipo. MySQL ilijifunza hili kwa maumivu: maktaba yake ya kuunganishia ilipohamia GPL, PHP 5 iliacha kuja nayo, na mwaka 2004 kampuni ikalazimika kutoa msamaha maalumu kwa programu huria.

Hatua ya 5: Wachangiaji na jina

DCO (Developer Certificate of Origin) ni mstari mmoja tu: mchangiaji anaandika `git commit -s` na kuthibitisha ana haki ya kutoa alichotoa. Makubaliano ya mchangiaji, CLA, yanaipa kampuni haki pana, pamoja na kutoa mchango huo kwa leseni nyingine. Ukitumia AGPL au GPL na unataka kuuza leseni ya kibiashara, CLA ni ya lazima kuanzia mchango wa kwanza wa nje. Mtu 1 kati ya 60 akikataa baadaye, utaandika upya mistari yake yote. MariaDB yenyewe haiwezi kuuza seva yake kwa leseni iliyofungwa, kwa kuwa ilirithi kutoka MySQL msimbo wa GPL ambao hakimiliki yake iko Oracle. Ndiyo maana BSL ilianzia kwenye MaxScale.

Ukitumia Apache au BSD, DCO inatosha, maana leseni yenyewe inaruhusu matoleo yajayo yatoke kwa masharti mengine. Lakini ieleweke kwa pande zote: mlango huohuo uko wazi kwa anayetaka kuondoka na nakala.

Jina sajili mapema, BRELA kwa Tanzania Bara au KIPI kwa Kenya, na Marekani kama wateja wako huko. Leseni ya Apache haitoi haki ya alama ya biashara. Elastic iliishtaki AWS kuhusu jina la Elasticsearch mwaka 2019, na shauri lilipomalizika kwa makubaliano mwaka 2022, huduma ya AWS ilikuwa tayari inaitwa OpenSearch. Weka kwenye repo ukurasa mmoja unaosema nani anaweza kutumia jina na wapi.

Hatua ya 6: Chora mstari wa kulipia

Mhandisi mmoja akitaka kuendesha hifadhidata kwa usalama, kila anachohitaji kiwe bure: nenosiri, TLS (usimbaji wa mawasiliano), uigaji, nakala rudufu na kuirudisha. Kinachohitajiwa na idara ndicho kiuzwe: kuingia kwa LDAP (orodha kuu ya watumiaji wa kampuni) au akaunti moja ya kampuni, kumbukumbu za ukaguzi, uigaji wa mabara tofauti, viraka vya usalama kwa matoleo ya zamani. InfluxDB ilipouondoa uwezo wa klasta (seva nyingi zinazofanya kazi kama moja) kutoka toleo huria mwaka 2016, ilikuwa imechora mstari katikati ya hitaji la msingi, na jirani yeyote mwenye klasta ya bure alipata hoja ya kuuzia.

Kiufundi, weka sehemu za kulipia kwenye folda moja yenye faili lake la leseni. Kila faili la msimbo lianze na mstari wa SPDX, alama sanifu ya kutaja leseni, mfano `SPDX-License-Identifier: Apache-2.0`. Kwenye mfumo wa majaribio, jenga mara mbili kila siku: na folda hiyo, na bila. Siku ujenzi wa pili ukivunjika, kiini chako si huria tena, liwe limeandikwa nini kwenye ukurasa wa kwanza.

Ufunguo wa leseni uwe faili lililosainiwa, linalokaguliwa bila intaneti. Muda ukiisha, toa onyo kwenye kumbukumbu kwa siku 30, kisha zuia kuongeza nodi mpya. Usizime hifadhidata kamwe. Seva inayokataa kuwaka Jumapili usiku kwa sababu ankara imekwama kwa mhasibu inapoteza mteja huyo na wote anaozungumza nao.

Hatua ya 7: Ukilazimika kubadilisha

Redis ilitangaza leseni mpya tarehe 20 Machi 2024. Tarehe 28 Machi, siku 8 baadaye, Linux Foundation ilitangaza Valkey, foki (nakala ya msimbo inayoendelezwa kivyake) iliyoanzia Redis 7.2.4, ikiwa na AWS, Google Cloud na Oracle nyuma yake. Mei 2025 Redis 8 iliongeza AGPL kama chaguo, kama Elastic ilivyofanya Agosti 2024, lakini Valkey na OpenSearch, foki ya Elasticsearch, hazikufungwa. Hesabu kwamba foki itatokea ndani ya wiki mbili kama kuna kampuni kubwa zinazokutegemea.

Tangaza miezi 3 hadi 6 kabla. Badilisha kwa toleo jipya tu. Lililotoka kwa Apache linabaki Apache milele na huna uwezo wa kulirudisha. Zungumza na wachangiaji wakubwa wa nje kwa simu kabla ya tangazo. Watumie barua watunza vifurushi wa Debian, Fedora na Docker ili wasilifungashe toleo jipya bila kujua. Kisha taja tarehe ya mwisho ya viraka vya usalama kwa toleo la zamani, isiwe chini ya mwaka 1, na viraka hivyo vitoke kwa leseni ya zamani. Kiraka cha tundu la usalama kikitoka kwa leseni mpya pekee, umemlazimisha mtu achague kati ya mkataba asioutaka na seva iliyo wazi, na wengi watachagua foki siku hiyohiyo.